Mwaka Tuliomlilia Mama Akiwa Hai

Bi Zuhura alifariki Kibondo Jumanne alfajiri, wakamzika kabla ya alasiri, na habari zikanifikia Kasulu nikiwa jikoni kwangu nachambua maharage. Aliyenipigia simu ni mdogo wangu Yosia. Alinieleza vizuri, ugonjwa ulivyozidi, nani aliosha maiti, watu walivyojaa, kisha akashusha sauti kama mtu anayeogopa kusikiwa: "Dada, usimwambie mama. Presha yake unaijua. Mwambie tu Zuhura kasafiri kwenda Ujiji kwa ndugu zake." Mama alikuwa nje, ameketi juani na kitenge magotini, maana huku kwetu milimani asubuhi ina baridi na wazee hulifuata jua uani kama kuku. Nilikata simu, nikafuta mikono, nikatoka, nikamwambia. Alilitaja jina mara tatu, "Zuhura? Zuhura? Zuhura?", akavua kilemba, akaanza kulia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipofiwa na mama yake mzazi. Majirani wakaja. Wakaniuliza, marehemu ni nani kwenu, nami nikamtazama mama. Mama mwenyewe alilitafuta neno asilipate. Mwishowe akasema, "Ni mama wa watoto wangu," na majirani wakatazamana, wakadhani uzee umemchanganya.

Hakuchanganyikiwa. Mimi ndiye ninayechanganyikiwa kila ninapojaribu kueleza, na nadhani nimekuwa hivyo tangu mwaka ule nilipokuwa darasa la sita Kibondo, nina miaka kumi na miwili, na Yosia ana sita, hajaanza shule. Wiki nzima ya msiba huu nimekuwa nikiurudia mwaka huo kichwani, chumba kwa chumba, kama mtu anayetafuta funguo.

Mama aliondoka asubuhi ya siku ya shule. Alitupikia uji wa ulezi wenye maziwa na karanga, uji wa sikukuu, nami nikafurahi bila kujiuliza sikukuu gani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kutokea, na sanduku lake la bati lilikuwa mlangoni limefungwa kwa kamba ya katani. "Nakwenda Kasulu," alisema. "Mtabaki na baba." Yosia akamuuliza atarudi lini. Akasema, "Tutaona." Kisha akafanya jambo ambalo sijalielewa hadi leo: akaosha bakuli zetu, akazipanga, akazipangua, akazipanga upya. Nje, baba alikuwa anaiwasha pikipiki ya ofisi. Alikuwa bwana shamba, mtu wa vijiji, viatu vyake havikukosa udongo mwekundu hata Jumapili. Alilifunga lile sanduku nyuma ya pikipiki kwa mikono yake, akalikaza, akalijaribu kama limeshika, akampeleka mama stendi. Hilo ndilo lililonipoteza. Kama wangekuwa wamegombana, nilijiambia, asingembebea sanduku.

Jioni nilimuuliza baba. "Amekwenda kusoma," alijibu bila kuinua macho kwenye sahani. Jirani yetu akaniambia mama amekwenda kumuuguza bibi. Shangazi Veronika, dada yake baba aliyekuja kutoka Makere na gunia la unga wa muhogo ili akae nasi, akasema, "Mama yenu anapumzika. Mtu akichoka si anapumzika?" Nilikuwa na majibu matatu na mdogo wangu aliyeuliza kila siku, basi nikayashona yakawa moja: mama alikwenda kusoma, bibi akaugua, mama akamuuguza, akachoka, sasa anapumzika, akimaliza kupumzika atamalizia masomo. Kila Yosia alipouliza niliongeza kipande. Niliongeza mwalimu mkali, niliongeza mvua iliyobomoa daraja. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote, na nimeona watoto wengi ambao wakubwa waliamua wasiambiwe kitu. Hakuna hata mmoja aliyekaa bila maelezo. Walijitungia wenyewe, na walichokitunga mara nyingi kilikuwa kibaya kuliko kile walichofichwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya serikali, ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji iliyopasuka katikati ya sebule. Vitu vya mama vilianza kutoka kimoja kimoja. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta cherehani haipo, mahali pake pana alama nne za miguu. Siku nyingine picha yake ya ukutani ikawa haipo, ukuta ukabaki na kipande cheupe kuliko pengine, na Yosia akawa anakitazama kile kipande wakati wa kula kama watu wanavyotazama picha. Shangazi alipika ugali wa muhogo na maharage bila kitunguu, akisema kitunguu ni maringo ya watu wa mjini. Yosia alianza kutafuna kola ya shati. Alianza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu, na asubuhi Shangazi alimtoa nje na godoro lake mbele ya majirani, akidhani aibu itamponya. Haikumponya. Mimi nilikuwa nageuza godoro kabla Shangazi hajaamka, nalala upande wenye unyevu.

Kisha likaja lile neno. Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa stoo, nimeinama kwenye gunia nachota maharage, na kati ya stoo na sebule palikuwa na ukuta usiofika juu. Shangazi alimuuliza baba, "Na watoto wakizidi kuuliza?" Nilisikia baba akiweka kikombe mezani. Akasema, "Dada, yule ameshakufa kwangu. Nimeshamzika. Sitaki kusikia jina lake humu ndani." Shangazi akakubali kwa Kiha, "Ego. Basi wasiambiwe. Watoto hawaelewi mambo haya. Watasahau."

Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili. Mwalimu angeniuliza sentensi ile kwenye mtihani ningemweleza kwamba msemaji hamaanishi kifo. Lakini stoo haikuwa darasa, na lile neno dogo, "kwangu", sikulisikia. Nilisikia ameshakufa. Nilisikia nimeshamzika. Na kila kitu kikakaa mahali pake mara moja, ndilo jambo la kutisha: cherehani iliyoondolewa, picha iliyotolewa, minong'ono inayokatika ninapoingia, majirani wanaonipa ndizi bila sababu na kunishika kichwa. Nilitoka stoo nikamkabidhi Shangazi bakuli la maharage. Akaniuliza mbona nimeyamwaga njiani. Nikasema njaa, na tulikuwa tumetoka kula.

Sikulia. Nilisubiri mtu anieleze rasmi ndipo nilie, na hakuna aliyenieleza. Wiki tatu baadaye baba alikuja na mwanamke mrefu, mwembamba, amevaa baibui, na nyuma yao mkokoteni wenye godoro na masufuria mapya. "Huyu ni mgeni wetu," baba alisema. "Mwiteni mama mdogo." Nilitazama lile godoro. Nilikuwa sijaona mgeni anayekuja na godoro. Mgeni huyo alikuwa Bi Zuhura, wa familia moja ya wenye maduka pale mjini, watu wenye asili ya Ujiji, na nilikuwa nimeshamwona dukani kwao akipima vitambaa. Shangazi alirudi Makere siku ya pili. Bi Zuhura akahamisha makopo ya jikoni, chumvi ikaenda mahali pa sukari na sukari mahali pa majani ya chai. Alitandika mkeka wake chumbani kwa baba akaswali, na Yosia akaja mbio kuniambia mgeni ameanguka. Alipika wali wa nazi, vitumbua, samaki wa kukaanga. Nilikula kidogo nikasema nimeshiba, na nilikuwa na njaa kweli.

Nilijifunza kuzungumza naye bila kumwita kitu chochote. Ni kazi ngumu. Nilisema, "Baba anauliza maji," au "Kuna mtu mlangoni." Shikamoo niliitoa kwa sauti ya chini kiasi kwamba angeweza kudai hakuisikia, na kila mara aliisikia, akajibu "Marahaba" kamili, kana kwamba nimemsalimu vizuri. Siku moja Yosia akaniuliza tukiwa bombani, tumepanga ndoo foleni, "Dada Adela, mama akirudi atalala wapi? Kile kitanda kina mtu." Nilikuwa nimechoka. Hadithi yangu ya daraja na mwalimu mkali ilikuwa imefika mwisho. Nikamwambia, "Mama hatarudi. Mama amekufa." Yeye pia hakulia. Alifikiri kidogo, akauliza, "Nani alimzika?" Nikasema baba. "Mbona hakutuita?" Nikasema sijui. Zamu yetu ikafika, tukakinga maji, tukarudi nyumbani, yeye na kidumu chake, mimi na ndoo.

Aliyetaka matanga ni Yosia. Alikuwa amekumbuka msiba wa babu, watu kuketi chini, kunyolewa nywele, kutokuwasha redio. "Sisi hatujakaa chini," aliniambia. Basi kwa siku tatu, tukitoka mimi shule na yeye kuchunga mbuzi wa jirani, tulikaa chini ya migomba nyuma ya jiko, juu ya kanga kuukuu ya mama ambayo Yosia alikuwa akilala nayo. Tuliimba wimbo mmoja wa kanisani kwa sauti ndogo. Siku ya tatu nilichukua wembe wa baba nikamnyoa. Sikujua kwamba kichwa hulowekwa kwanza. Alikaa ametulia kabisa, amefumba macho, damu ikimteremka nyuma ya sikio, na kila niliposita alisema, "Malizia." Nilikuwa nimebakiza upande mmoja Bi Zuhura alipotokea na ungo wa mchele. Siku hiyo alikuwa amefunga duka mapema.

"Nani kamkata mtoto?" aliuliza. Ungo ukamwelemea, mchele ukamwagika.

Yosia ndiye aliyejibu, kwa adabu, kama mtu mzima anavyompokea mgeni msibani: "Tumefiwa."

"Mmefiwa na nani?"

"Na mama."

Nimelitazama tukio hili mara nyingi, na kila mara namwona jinsi alivyoketi. Hakuinama, hakuchuchumaa. Aliketi chini kwenye majani makavu ya mgomba na kanga yake safi, miguu ameinyoosha mbele, kama sisi. Akauliza nani ametuambia. Nikasema nilimsikia baba kwa masikio yangu, akimwambia Shangazi amekufa na amemzika. Bi Zuhura akafumba macho. "Ee Mola wangu," alisema. Kisha akayafumbua akanitazama mimi, si Yosia.

"Mama yenu hajafa. Mwezi uliopita nilikwenda Kasulu kuchukua mzigo, nikamwona sokoni ananunua dagaa. Mzima."

"Muongo," nilisema. Ndilo neno la kwanza kumwambia nikimtazama usoni.

"Haya, mimi muongo. Sikiliza yote halafu useme nimedanganya wapi. Baba yenu na mama yenu wameachana. Maana yake hawakai tena nyumba moja kama mume na mke. Hamkuwaachanisha nyinyi, wala kukojoa kitandani hakukuwaachanisha. Mimi si mgeni. Mimi nimeolewa na baba yenu, nitakaa hapa. Na mimi si mama yenu, maana mama yenu mnaye."

Kuku walikuwa wamekwisha kuufikia mchele. Yosia akapapasa kichwa chake, upande ulionyolewa na upande wenye nywele. "Kwa hiyo nimenyolewa bure?" aliuliza. Bi Zuhura akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia, akalia, akamvuta Yosia akaanza kumfuta damu kwa pindo la kanga. Mimi nilisimama pale na wembe mkononi. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilikasirika. Nilikuwa nimeshamzoea mama aliyekufa. Aliyekufa hakuniacha kwa kupenda. Huyu aliye hai, anayenunua dagaa sokoni Kasulu, alikuwa amekwenda wapi muda wote huu bila sisi?

Baba alikuwa safarini vijijini wiki ile. Keshokutwa yake Bi Zuhura alimnyoa Yosia vizuri, kichwa kizima, akatuvalisha nguo za Jumapili, akafunga vitumbua kwenye karatasi, akatupandisha basi la Kasulu. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Barabara ilikuwa ya udongo wakati huo na vumbi liliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, tukafika Makere tumekuwa rangi moja. Hapo basi lilisimama wanawake wauze mahindi ya kuchoma na maparachichi dirishani, na mmoja wa wanawake wale alikuwa Shangazi Veronika. Alituona kabla sijainama. Macho yake yalikwenda kwa Yosia, kwenye kichwa, yakarudi kwa Bi Zuhura.

"Zuhura! Unawapeleka wapi watoto wa watu?"

"Kwa mama yao."

"Mume wako anajua?"

"Utamwambia wewe, Wifi," Bi Zuhura alisema, na basi likaondoka. Kabla halijaondoka alikuwa amenunua hindi moja kwa haraka, akatugawia sisi wawili. Ndoa yake haikuwa na miezi minne. Leo nimekwisha kuwa mke, mjane, mama mkwe, na ninajua alichokuwa amekiweka rehani katika safari ile. Siku ile niliona tu kwamba hakujibakizia kipande cha hindi.

Bi Zuhura aliulizia sokoni, tukaelekezwa: mama alikuwa amepanga chumba kimoja karibu na chuo cha ualimu. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ametupa mgongo, amekaa kwenye ile cherehani iliyotoweka kwetu, anashona sare za shule, mguu unakwenda. Bi Zuhura akabisha hodi. Mama akageuka, mguu ukasimama, gurudumu likaendelea kuzunguka peke yake kidogo. Mimi nilikwenda. Sikumbuki nilivyovuka chumba, nakumbuka harufu ya mafuta ya cherehani kwenye nguo yake. Yosia hakwenda. Alibaki mlangoni ameshika mkoba wa Bi Zuhura, akauliza, "Wewe ni mama au ni ndugu yake mama?"

Mama alidhani anatania. Kisha akakiona kichwa. "Nani kamnyoa mwanangu?" Bi Zuhura akanitazama, akaniachia mwenyewe. Nikasema, "Mimi ndiye nilianza. Tulikuwa tunakulilia. Tulijua umekufa, nilimsikia baba nikiwa stoo." Mama alisimama akatupita akatoka nje, na tulimsikia nyuma ya nyumba akitapika. Sisi tulibaki na Bi Zuhura, chumbani kwa mwanamke ambaye nafasi yake alikuwa ameichukua. Alikuwa hajui akae au asimame, akachagua kuzikunja zile sare zilizokwisha kushonwa, moja moja, akizipanga kitandani.

Mama aliporudi alikuwa amenawa uso. "Barua zangu mlizipata?" aliuliza. Tukatazamana. Alikuwa amempa kondakta barua saba, za kupelekwa ofisini kwa baba. Bi Zuhura akatikisa kichwa, naye hakuwa anazijua. Zile barua sikuziona kamwe. Baba, alipokuwa mzee, alikiri kwamba aliziweka mahali, kisha akasahau mahali penyewe, na mpaka anaingia kaburini sikujua kama hilo lilikuwa kweli.

Wakapika. Nilikaa kwenye kigoda nikisubiri wagombane. Nilitaka wagombane, ningejua niwe upande gani. Badala yake mama alitwanga sombe, majani ya muhogo, Bi Zuhura akasonga ugali, wakapishana kwenye kile kichumba bila kugusana, mmoja akisema "samahani" na mwingine "pita". Mama aliweka mawese kwenye sombe na wakati wa kupakua akampa Bi Zuhura samaki, mgebuka mkubwa kuliko wetu sote. Kisha nikawasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, kama wauguzi wawili wanaopokezana zamu. "Yosia anakojoa?" "Ameanza tena." "Usimpe chai jioni. Na usimtoe nje na godoro." "Simtoi. Ni wifi." "Adela akisema ameshiba, hajashiba." Nilisikia jina langu likipita kati yao kama sufuria ya moto, kila mmoja akiishika kwa uangalifu.

Nilimuuliza mama, mbele ya mgeni wake, kwa nini waliachana. Akasema ni mambo yake na baba, siku moja nitakuwa mkubwa ataniambia. Nimekuwa mkubwa, nimekuwa bibi, nimemuuliza tena. Ananiambia amesahau. Lakini siku ile alitueleza jambo jingine, polepole, akimtazama zaidi Yosia: kwamba sasa tutakuwa na nyumba mbili, shule ikifungwa tutakuja Kasulu, ikifunguliwa tutarudi Kibondo, na kwamba ikiwa kuna kitu hatukielewi tumuulize yeye au Bi Zuhura, tusikae stoo. Yosia alimsikiliza akiwa bado yuko upande wa pili wa chumba. Alikula huko, akaliendea gurudumu la cherehani, akalizungusha. Halafu akaugusa mkono wa mama kwa kidole kimoja, akaurudisha mkono wake, akaugusa tena. Ilimchukua hadi siku ya pili, saa ya kuondoka, kumpanda magotini, na hapo ndipo hakutaka kushuka. Alilia mpaka stendi. Mimi sikulia, maana nilikuwa na jaribio la hesabu Jumatatu na nilitaka kurudi, na nilijiona mtoto mbaya kwa kutaka kurudi. Ndani ya basi mama mmoja aliyekuwa na kuku mapajani akamuuliza Bi Zuhura, "Wanao hawa?" Akajibu, "Wa mwenzangu. Tunasaidiana." Nilimtazama, nikamwambia, "Mama Mdogo, Yosia anataka maji." Akanipa chupa bila kuonyesha kama amelisikia neno hilo.

Miaka mingi baadaye, alipoanza kuugua na mimi nikawa naenda kumwona, nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Nilitegemea aseme alituonea huruma. Alisema, "Adela, ningeishije na yule mama yenu mliyemzika? Marehemu hakosei. Kila nikipika, yeye alipika vizuri zaidi. Nikamtaka yule wa kweli, tugawane kazi." Akacheka, akakohoa. Sijui kama huo ulikuwa upendo kwetu sisi au kujitetea kwake. Nadhani naye hakujua.

Siku ile tulipofika nyumbani kutoka Kasulu, baba alikuwa amekwisha kurudi. Shangazi alikuwa ametuma mtu. Baba alikuwa ameketi sebuleni na viatu vyake vya udongo, jambo asilolifanya, na pikipiki ilikuwa nje bado ina joto. "Nani alikuruhusu?" alimuuliza Bi Zuhura.

"Hakuna."

"Watoto wangu unawapandisha mabasi bila—"

"Watoto wako walikuwa wanaomboleza nyuma ya jiko," Bi Zuhura alisema. Sauti haikupanda. "Siku tatu. Ukitaka kunirudisha kwetu, nirudishe. Lakini kwanza mshike mtoto kichwa."

Yosia alisogea mwenyewe. Baba akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akapapasa makovu yaliyokuwa yanaanza kukauka, moja baada ya jingine, kama alivyokuwa akipapasa mihogo ya wakulima kutafuta ugonjwa. "Nani aliwaambia mama yenu amekufa?" aliuliza, na alikuwa ameanza kukunja uso kumtafuta mkosaji.

"Wewe," nilisema.

Nikamweleza siku, nikamweleza stoo. Uso wake ulifanya kitu ambacho sijui jina lake. Akasema, "Lile lilikuwa neno tu. Mtu akiwa na hasira anasema neno." Akaanza tena, "Mimi na mama yenu..." akakwama. Akatazama dari. Mtu aliyekuwa anaweza kusimama mbele ya kijiji kizima akaeleza nafasi kati ya shina na shina alikuwa hana sentensi. Bi Zuhura hakumsaidia. Alisimama na kikapu chake mkononi, akisubiri kama sisi. Ndipo Yosia akauliza, bado yuko chini ya kile kiganja, "Na wewe baba utaondoka lini?"

Baba hakujibu siku ile. Alinyanyuka akaenda kuvua viatu. Bi Zuhura akapika, tukala, hakuna aliyerudishwa kwao. Lakini Jumatatu asubuhi, kabla hajawasha pikipiki, baba alikuja mlangoni mwa chumba chetu. Alikuwa hajawahi kuingia kutuaga. Alikuwa mtu wa kusikika tu akiondoka. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akamwambia Yosia, "Nakwenda Kakonko kuangalia mihogo. Nitarudi saa kumi." Yosia alishinda nje akimuuliza kila mpita njia saa ngapi. Saa kumi kasorobo tuliisikia pikipiki ikipanda mlima. Kesho yake akaja tena kutaja kijiji na saa. Akafanya hivyo siku zote zilizobaki za mwaka ule, na mwaka uliofuata, na alipojua atachelewa alimtuma mtu kuja kutuambia. Kuhusu kuachana kwao hakutueleza kitu, mpaka yeye mwenyewe alipokufa. Sijui kosa lilikuwa la nani, sijui kama lilikuwepo. Najua tu vijiji vyote alivyokwenda, na saa alizorudi.